Tepe Nyekundu Ufukweni

Siku ya kwanza tulifukuzwa mara tatu kabla ya saa sita mchana.

Mara ya kwanza ilikuwa mwaloni, kwenye bandari ya wavuvi, pale tulipoanzia safari, nje kidogo ya Nungwe. Mwanamke aliyekuwa akianika dagaa juu ya jabali alituambia tusipite karibu na dagaa wake. Tulipozunguka, akatufuata kutuambia tusipite na huko. Mara ya pili mzee mmoja alisimama kwenye upenyo wa mawe, mguu huku na mguu huku, akasema njia imeishia hapo. Haikuwa imeishia. Niliiona nyuma yake ikipanda kati ya majabali. Mara ya tatu hatukuambiwa neno. Tulifunguliwa mbwa.

"Likizo nzuri," Valerian akasema, akikagua buti lililong'atwa. "Mwakani tuwalete na wazee."

Wazo lilikuwa langu. Nilikuwa nimemaliza chuo miezi minane nyuma, shahada ya jiografia, na tangu hapo nilikaa kwa wazazi Ngokolo, Shinyanga mjini, nikifundisha masomo ya jioni na kuandika barua za kuomba kazi. Chuoni niliwahi kusoma habari za nchi ambako watu huacha magari nyumbani, hubeba mizigo mgongoni na kutembea siku nne au tano wakifuata ufuko wa bahari wenye miamba, wakilala vijijini na kula vya vijijini. Nikajiuliza sisi tumekosa nini. Ziwa tunalo, na mawe yetu ni makubwa kuliko nyumba. Lakini kwetu mtu akitaja Geita, mwenzake anaona mashimo ya dhahabu na vumbi. Mimi nilitaka aone maji. Nikachukua ramani, nikapima kwa uzi: kutoka Nungwe mpaka Nkome, ukifuata kila ghuba na kila rasi, siku nne.

Waliokubali kufuatana nami ni wawili. Dada yangu Paskalina, muuguzi, alikuwa kwenye likizo ya mwaka, na nadhani alinihurumia. Mchumba wake Valerian alikuja kwa sababu Paskalina anakuja. Yeye ni fundi wa uchorongaji. Kampuni yao hukodiwa kutoboa ardhi ili ijulikane dhahabu iko wapi. Alikuja na buti zake za kazini na begi la kazini. Alipoona nimenunua kopo la rangi ili nichore alama kwenye mawe, watakaokuja baada yetu waione njia, alisema rangi ni uchafu. Akanipa kitu alichokiita cha kitaalamu: mzingo mzima wa utepe wa plastiki, mwekundu, unaong'aa. Unafunga kwenye mti, unaendelea na safari, akasema, hata mwenye mtoto wa jicho ataiona njia.

Kila baada ya hatua mia mbili nilikata kipande nikakifunga. Nilifunga kwenye mikuyu iliyoota kati ya mawe, kwenye vichaka vya miiba, kwenye nguzo za uzio. Kila nilipofunga niligeuka nyuma kuangalia, na nilipoona ule wekundu ukipepea juu ya buluu ya ziwa, moyo ulinijaa. Nilimwona mgeni wa kesho, yeyote yule, akitoka kwenye utepe mmoja kwenda mwingine bila kupotea.

Njia yenyewe ilikuwa ngumu kuliko ramani. Palipo na jabali tulipanda kwa mikono na magoti, na tulishuka kwa makalio. Palipo na matete tulizama mpaka kwenye vifundo, tukipita juu ya nyayo za kiboko zilizojaa maji. Jioni ya kwanza tulipiga hema kwenye kipande cha mchanga kisichozidi uwanja wa netiboli. Paskalina aliniuliza watu hawa wana nini na sisi. Nikamjibu kwamba hawajazoea. Watu wakiona wageni wanapita kwa amani mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, wataanza kutusalimia wao. Niliamini hivyo kabisa.

Siku ya pili tulifika mwalo mwingine tukiwa na njaa. Muuza samaki alituambia sato wameisha. Sato walikuwa miguuni pake, kapu zima, wengine bado wanapiga mkia. Nilimwonyesha. Akalivuta kapu kwa kisigino mpaka nyuma yake, akasema tena wameisha. Tulikula biskuti. Niliposimama kufunga utepe kwenye mti wa pale, watu wote waliokuwa wakitengeneza nyavu waliacha kazi wakanitazama mikono. Hakuna aliyenizuia. Ingekuwa rahisi zaidi kama wangenizuia.

Alasiri tulifika Nyakasenge. Ni kitongoji kidogo, nyumba kama ishirini zilizokaa juu ya mteremko, na chini yake, mpaka kwenye maji, ni mashamba ya muhogo. Njia ilipita katikati ya shamba kubwa kuliko yote. Mwenye shamba alikuwa ndani yake akipalilia, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mrefu. Nilimwamkia. Aliitikia huku anaangalia begi la Valerian.

Nilimweleza kwamba tunafuata ufuko mpaka Nkome, na nikaomba ruhusa ya kufunga utepe kwenye nguzo ya pembe ya shamba lake.

"Funga," alisema. "Hata nikikataa, mtafunga."

Nilisikia ukali ule, nikautafutia sababu nzuri. Nikafunga pembe ya chini. Akaniambia nifunge na pembe ya juu, maana shamba lake linafika kule, siyo hapa tu. Nikafunga na huko. Nilipotoa daftari langu, alikuja karibu kwa mara ya kwanza.

Aliniuliza naandika nini. Nikamwambia naandika habari za shamba lake. Jina lake aliniambia ni Mageni Lukanya, lakini watu humwita Mama Salome. Mume wake yuko machimboni huko mbali, huu ni mwezi wa nne tangu aondoke, hajarudi. Nyumbani wako sita. Mahindi ya mwaka huu yamekauka, kwa hiyo shamba hili ndilo chakula chao mpaka mavuno mengine. Muhogo unakaa ardhini, unang'oa wa leo, wa kesho unakungoja palepale. Akanitaka nimsomee jina lake kama nilivyoliandika. Nilimsomea. Akasema sawa, akarudi kwenye jembe lake.

Nilidhani amefurahi kuandikwa. Usiku ule, hemani, mbali kidogo na kitongoji, nilimwambia Paskalina kwamba huyu mama ndiye wa kwanza aliyetuelewa. Valerian alikuwa amelala chali, buti chini ya kichwa kama mto. Alicheka puani.

Siku ya tatu njia iliisha kweli.

Tulikuwa tumetembea saa mbili hivi kutoka Nyakasenge tulipozunguka rasi na kukuta watu shambani, wengi, asubuhi ile, wakichimba mashimo kwenye njia. Si shimo moja wala mawili. Mistari ya mashimo ilishuka kutoka nyumbani mpaka mchangani, na katika kila shimo kulikuwa na mche: michungwa, mipera, miembe, mingine mifupi kama kidole, yote bado imefungwa mizizi kwa nailoni. Ulikuwa mwezi wa saba, kiangazi kikavu, na wanawake walikuwa wakipanda kutoka ziwani na ndoo kichwani kumwagilia miche ambayo haiwezi kushika.

Mtu mmoja alitupigia kelele tusikanyage. Mwingine akapiga mwano, lile yowe la Kisukuma linaloita watu wote watoke na walichonacho. Wakatoka. Kabla sijaelewa, tulikuwa tumezungukwa na sungusungu, walinzi wa kijiji, kumi na watano wenye fimbo na mapanga, na begi la Valerian lilikuwa mikononi mwao.

Walitukalisha chini mbele ya ghala la samaki. Kamanda wao, mtu mwembamba mwenye koti la mvua, alituuliza maswali yaleyale kwa kuzunguka. Kampuni gani. Nani katutuma. Kwa nini tumepita kama wezi, hatukuanzia kwa mwenyekiti. Alisema watu wa tepe, wapimaji wa migodi, walikuja kwao miaka ya nyuma, upande ule wa barabara, wakasema wanaangalia tu, na waliokuwa wakikaa kule leo wamepanga vyumba mjini. Mwanamke mmoja alitaka tuvuliwe viatu. Mwingine alisema viatu havitoshi.

Nilifungua kinywa kueleza habari za matembezi. Valerian alinikanyaga mguu.

"Sisi ni wa hatua ya awali," akamwambia kamanda, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, ya ofisini. "Hatuna mamlaka ya kusema zaidi. Mkitupiga, majina ya hapa hayatafika ofisini."

Fimbo zilishuka. Hawakutabasamu, chuki ilibaki usoni mwao ileile, ila sasa ilikuwa imeshika adabu. Begi lilirudi. Tukaletewa hata samaki wa kuchoma, tukala wakitutazama.

Wakati huo kijana mmoja wa pikipiki alikuwa akishusha miche mingine kutoka kwenye tenga. Jina lake Damian. Alikuwa anaitoa Katoro, na tangu jana jioni alikuwa amekwenda na kurudi mara tatu. Alikuwa mtu pekee mwenye furaha ufukoni pale. Alitusimulia kama anayetupa pongezi kwamba utepe umeamsha watu kote, lakini aliyewashinda wote ni mama mmoja wa Nyakasenge. Usiku kucha, yeye na watoto wake, kwa mwanga wa tochi, wameng'oa karibu nusu ya shamba la muhogo. Amechukua miche mia nne kwa ahadi ya kulipa fidia ikija. Leo jioni majirani wanakuja kumsaidia kung'oa nusu iliyobaki.

Nilimuuliza kwa nini ang'oe muhogo.

Damian alinitazama kama mtu anayetaniwa. Akasema kwa Kiswahili cha polepole, kwa faida yangu, kwamba mbele ya mthamini wa fidia muhogo si kitu, mti wa matunda ndio kitu. Huko kwao inaitwa tegesha: unaweka kile ambacho fidia itakiona. Akaniuliza mimi si ndiye niliyemwandika huyo mama kwenye daftari.

Walituachia njia. Tulipopita nyuma ya majabali, ambako hawatuoni, nilikaa chini.

"Ulijua," nikamwambia Valerian.

"Nilijua tepe ni za nini. Wewe ndiye uliyesema unawajua watu wa huku."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilidhani tutafukuzwa siku ya kwanza, turudi nyumbani, basi." Alinyanyua mabega. "Sikujua una kichwa kigumu hivi."

Paskalina alimwambia anyamaze. Akaniambia na mimi ninyamaze. Kisha akasema mambo ya busara, moja baada ya jingine: kwamba mbele kidogo kuna mwalo wenye mitumbwi ya injini, kwamba kabla ya jua kuzama tutakuwa Nkome, kwamba tukifika tutapiga simu kwa mwenyekiti wa kijiji. Nikamuuliza namba ya mwenyekiti anayo nani. Nikasema jioni wanang'oa nusu iliyobaki.

"Ukirudi kuwaambia ukweli, watakuua," Valerian akasema. Hakuwa anatania. "Sasa hivi wanatuchukia lakini wanatuhitaji. Ukiwaambia hakuna fidia, wanabaki na kitu kimoja tu."

Nilivua begi langu nikamwachia. Nilibaki na daftari, chupa ya maji na kisu kidogo cha kukatia utepe. Paskalina alilia kwa hasira, akaniita mjinga kwa jina langu la ubatizo, Evance, ambalo hulitumia anapokuwa na hofu. Nilimkumbatia. Kisha nikarudi nilikotoka, na nikiwa napanda jabali la kwanza niliwasikia wakigombana wao kwa wao.

Niliwakwepa wale wa ghala kwa kupita majini, nimeshika viatu mkononi, mawe ya chini yakiteleza. Nilipofika upande wa pili nilianza kukata tepe zangu. Kila moja niliikata nikaitia mfukoni. Zilikuwa nyingi kuliko nilivyokumbuka. Watu waliokuwa wakimwagilia miche waliniona nikizikata. Sauti zilipita juu ya kichwa changu kutoka shamba hadi shamba, kwa Kisukuma cha haraka ambacho mimi, mtoto wa mjini, nakielewa nusu. Nilielewa neno anaondoa. Jiwe la kwanza lilipiga mwamba mbele yangu. La pili lilinipata mgongoni.

Nilikimbia.

Nilifika Nyakasenge saa tisa, nimelowa mpaka kiunoni. Sikulitambua shamba. Upande wa chini ulikuwa umepinduliwa wote. Udongo mwekundu umefumuka, mashina ya muhogo yamelundikwa kama kuni, na mihogo yenyewe, mamia kwa mamia, imerundikwa juani, minene, ngozi yake imeanza kusinyaa. Katikati ya udongo ule mtupu kulikuwa na miche yake mia nne. Majirani walikuwa wameshakusanyika kwenye upande wa juu, majembe mabegani. Mama Salome alikuwa anawagawia mistari.

Nilikwenda moja kwa moja mpaka mbele yake, nikamwambia wasing'oe. Nikamwambia hakuna kampuni, hakuna mthamini, hakuna atakayekuja. Nikamwambia nimekosa.

Alinisikiliza. Kisha akaniangalia mfukoni, kule tepe zilikochungulia.

"Umeondoa za kwangu," alisema.

"Mama, hazikuwa na maana ile."

"Nani amekupa kitu uniondoe? Wa ng'ambo ya rasi? Wamekupa nini?"

Sikuwa nimefikiria hilo. Njia nzima nilijiandaa kwa hasira ya mtu aliyeambiwa ukweli, sikujiandaa kutoaminiwa. Aliwageukia majirani akawaambia kwamba jana huyu amemwandika, amemsomea na jina, na leo amekula rushwa anakuja kumfuta. Duara likajifunga. Shemeji yake, mzee Ngassa, ambaye ndiye kamanda wa sungusungu wa pale, alinishika shingo kwa nyuma, mkono mkavu, mzito, akauliza daftari liko wapi.

Nililitoa mwenyewe. Ngassa hakuwa na miwani, akampa binti wa Mageni, Salome, aliyemaliza kidato cha nne mwaka jana. Alikuwa na udongo mpaka viwikoni. Alifuta mikono kwenye sketi, akafungua ukurasa wenye jina la mama yake, akasoma kwa sauti ili wote wasikie kile nilichokuwa nataka kukifuta:

"Siku ya pili, alasiri. Shamba la Mageni Lukanya. Linashuka kutoka kwenye nyumba mpaka majini kama khanga iliyoanikwa. Muhogo unafika begani. Upepo wa ziwa ukiingia, majani yote yanageuka pamoja na kuonyesha upande wake mweupe. Mtu aliyetembea siku mbili akifika hapa anapaswa akae kidogo, asiseme kitu."

Alifika mwisho, akainua kichwa.

"Endelea," Ngassa akasema.

"Ndiyo imeisha, baba."

"Ukubwa wa shamba?"

"Hakuna."

"Idadi ya mashina?"

Salome aligeuza ukurasa, akarudisha. "Hakuna. Kuna ndege."

"Ndege gani?"

"Mnandi. Anasema wako kumi na saba juu ya jiwe."

Mtu mmoja nyuma alicheka, kicheko kifupi, na aliyekuwa jirani yake akampiga kiwiko. Salome aliendelea kupekua, ukurasa kwa ukurasa, akitafuta namba yoyote, na kila alichokisoma kilikuwa mawe, maji, mwanga, harufu ya dagaa. Nimeandika sentensi nyingi maishani kwa matumaini kwamba siku moja zitasomwa mbele za watu. Nilitamani ardhi inimeze.

Mageni alikuwa amelishika jembe lake kwa mikono yote miwili.

"Kwa hiyo mlikuwa mnatembea," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Mnakwenda wapi?"

"Nkome."

"Nkome kuna nini?"

"Hakuna kitu, mama. Tulikuwa tunatembea tu. Likizo."

Alirudia neno lile, likizo, polepole. Jana walituchukia kwa kudhani sisi ni watu wa vipimo. Sasa wametuchukia kwa kuwa hatukuwa, na niliona wazi kwamba chuki hii ya pili ndiyo kubwa, kwa sababu ya kwanza ilikuwa na kitu cha kutarajia ndani yake. Muhogo mmoja uliruka kutoka nyuma ya duara, ukanipiga kwenye taya. Nilihisi damu kinywani. Mwingine ukanipata begani. Ngassa aliinua fimbo, na sikujua kama ni kuwazuia wao au ni kunipiga mimi, na nadhani hata yeye alikuwa hajaamua.

"Muacheni," Mageni akasema.

Hakusema kwa huruma. Alisema kama mtu anayewaambia watoto waache kupoteza chakula. Alipita katikati yao mpaka kwenye rundo, akainama, akavunja muhogo mmoja akaangalia ndani. Ulikuwa bado mweupe. Aliniuliza, bila kugeuka, kama nilichosomea kimewahi kuniambia muhogo ukishang'olewa unakaa siku ngapi. Nilisema sijui.

"Siku tatu unakuwa mweusi. Moja imeshapita."

Akawageukia majirani, akawaambia waweke majembe chini, upande wa juu usiguswe. Akawaomba waliokuwa na visu wakae. Wengi waliondoka. Walikuwa na mashamba yao wenyewe ya kukimbilia, na walinipita wakinisukuma kwa mabega, mmoja baada ya mwingine, hata palipokuwa na nafasi ya kupita. Damian alipofika na pikipiki na kusikia habari, alianza kung'oa miche yake kimyakimya na kuirudisha kwenye tenga.

Tulibaki Mageni, Salome, wadogo zake wanne, mzee Ngassa na mimi. Nilikaa mwisho wa rundo nikatoa kisu changu cha utepe. Ngassa alikiangalia, akakichukua, akakitupa kwenye majani. Akaniletea kisu cha kweli, kilichochakaa mpini, akakichomeka kwenye udongo karibu na goti langu.

Sikujua kumenya muhogo mchungu. Salome alinionyesha mara moja tu: unakata ncha mbili, unapasua ngozi kwa urefu, unaingiza kidole gumba na kuisukuma itoke nzima. Mara ya pili nilipokosea hakunionyesha, aliuchukua muhogo mkononi mwangu akaumaliza yeye. Kufika magharibi kidole gumba changu kilikuwa kimepasuka. Paskalina alipiga simu akiwa Nkome, sauti yake imekauka, akauliza kama bado niko hai. Nikamwambia niko hai, namenya. Akauliza kama wananikaribisha. Nikamwambia hapana. Akasema atakuja kesho kutwa na gari la sokoni, yeye peke yake, na tangu hapo sijamuuliza habari za Valerian.

Nililala nje, chini ya ukuta wa jiko. Hakuna aliyenipa mkeka wala aliyenifukuza.

Siku ya nne, ambayo kwa ramani yangu tulipaswa kuwa Nkome tukipiga picha, tulimaliza rundo la kwanza. Tuliufunika muhogo kwa majani ili uvunde, na ukishavunda vizuri tungeuponda na kuuanika juu ya majabali uwe udaga, muhogo mkavu wa kusaga unga. Mzee Ngassa alinieleza, akitazama ziwa na siyo mimi, kwamba udaga huu wadudu dumuzi watauingia kabla ya mwezi wa kumi na moja, hautafika mavuno. Ardhini ungefika. Mashina watayafukia kivulini yangoje mvua, yawe mbegu. Kwa hiyo, alisema, wamepoteza nusu, na nusu ya juu watakula kwa kupimiana.

Nilimwambia nitarudi mvua zikianza, nisaidie kupanda.

"Wote husema," alijibu.

Nilitaka kumwambia kwamba mimi si wote. Nikaona kwamba sina cha kumwonyesha, nikaendelea kumenya.

Mchana Mageni alikuja kukagua kazi yangu. Alipita kwenye mstari wa mihogo niliyoimenya, akaigeuza kwa kidole cha mguu, akatenga mitatu ambayo nilikuwa nimeiachia ngozi ya ndani, akanirushia miguuni. Uso wake ulikuwa uleule wa jana. Nilisubiri aniambie neno lolote, hata la kunitukana, maana nilikuwa nimeanza kufikiri kwamba tusi lingekuwa aina ya msamaha.

"Lile rundo la pili," alisema, "limeanza kuwa jeusi kwa chini. Anzia chini."

Akaondoka kwenda kuchota maji. Nilihamia kwenye rundo la pili, nikaanzia chini.